Tyuna inawaka kijani, mbona gitaa bado linakera sikio?

Siku ile, kwenye studio moja ya mtaani Sinza, tulikuwa tumelipia saa nne, na saa nzima ikaliwa na kodi moja tu. Kodi ya E. (Kodi za gitaa hizi, noti kadhaa zinazolia pamoja, si zile za TRA, ingawa nazo zilituuma vilevile.) Natyuni, tyuna (kile kifaa cha kupimia sauti ya uzi) inawaka kijani nyuzi zote sita, napiga, na prodyuza, kijana wa miaka ishirini na kitu, anavua hedifoni na kunitazama kwa adabu ile ya mtu anayetafuta namna ya kumwambia mkubwa wake neno baya. "Kaka, hebu tyuni tena." Natyuni tena. Kijani. Napiga. "Bado, kaka." Nikabadilisha nyuzi mbele yake, nyuzi mpya kabisa, nikazivuta zikavutika, nikatyuni. Bado.

Mwishowe nikafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na mbili ya kupiga gitaa kanisani na kwenye harusi sikuwahi kulifanya. Niligeuza uso nisiione tyuna, nikapiga E, nikaulegeza uzi wa tatu (tunahesabu kuanzia ule mwembamba) kidogo sana, kiasi cha kukigusa tu kile kigingi. Prodyuza akanyanyua kidole gumba. Nilipoitazama tyuna, uzi ule ulikuwa umeshuka na taa ilikuwa nyekundu. Tukarekodi hivyohivyo. Halafu tukafika wimbo wa pili, wa G, na gitaa lilelile likaanza kukera upya.

Nilirudi nyumbani nikiwa na uhakika wa mambo mawili: sikio la yule kijana halikuwa na kosa, na tyuna nayo haikuwa na kosa. Ilinichukua muda kuelewa vyote viwili vinawezekanaje kwa pamoja.

Ukiwa umepita kwenye kwaya, utanielewa haraka. Kodi yoyote ya meja ni do, mi na so. Kwaya ikiimba bila kinanda, wale wa sauti ya pili wanaoshika mi huiteremsha kidogo wenyewe, bila mwalimu kuwaambia, mpaka unasikia kodi imetulia kama maji kwenye beseni. Halafu mwalimu anabonyeza kinanda kuhakikisha, na mi ya kinanda inatoka juu kidogo ya ile yao. Kwaya haijakosea. Mi iliyotulia ina kanuni yake ya kimaumbile: do ikitetemeka mara 4, mi hiyo hutetemeka mara 5, na mitetemo inakutana vizuri. Mi ya kinanda na ya gitaa haifuati kanuni hiyo, kwa sababu freti zetu, vile vijichuma vya shingoni, zimeigawa oktavu, yaani safari ya do hadi do ya juu yake, vipande 12 vinavyolingana ili mtu aweze kupiga kila ufunguo (do ianzie popote) kwa chombo kimoja. Ni mpango wa maridhiano. Kila ufunguo umepunjwa kidogo ili usiwepo uliopunjwa sana.

Kupunjwa huko kuna kipimo, na kipimo chenyewe kinaitwa senti. Mwingereza Alexander Ellis ndiye aliyekileta, kwenye miaka ya 1880. Freti moja ni senti 100, oktavu nzima senti 1,200. So iliyotulia iko senti 702 juu ya do, na ya freti iko 700. Senti 2 hazimsumbui mtu. Lakini mi iliyotulia iko senti 386, wakati ya freti iko 400. Hizo senti 14 ndizo zilizotutoa jasho Sinza.

Zisikie mwenyewe. Shika E ya wazi, ile ambayo nyuzi nyingine zinalia bila kubanwa, kisha piga nyuzi mbili tu: wa nne kwenye freti ya 2 na wa tatu kwenye freti ya 1. Ziache zilie. Ndani ya sauti utasikia kitu kinatikisika, wa-wa-wa-wa. Gitaa likiwa limetyuniwa sawasawa kwa tyuna, mtikisiko huo unakuja mara 6 na nusu hivi kwa sekunde. Uteremshe uzi wa tatu kwa senti 6, mtikisiko unashuka chini ya mara 4. Haujaondoka, lakini umepoa, na sikio likipewa kitu kilichopoa hukisahau. Ukiweka distoshen (ule mkwaruzo wa roki) kwenye ampu, mtikisiko unavimba na kuwa mngurumo mchafu. Wapiga roki wameshaligundua hilo zamani, ndiyo maana kodi zao za distoshen mara nyingi ni do na so tu, mi wanaiacha nyumbani.

Sasa hapa ndipo penye kazi yenyewe, na ningependa uchukue gitaa kabisa ulipakate. Usitafute namba za kutyuni kabla hujajua mi ya kila kodi inakaa uzi gani.

Kwenye E, mi iko moja, uzi wa tatu freti ya 1. Kwenye A iko uzi wa pili freti ya 2. Kwenye D ni uzi wa kwanza, freti ya 2. G ina mi mbili: uzi wa tano freti ya 2, na uzi wa pili ukiwa wazi. C nayo ina mbili: uzi wa nne freti ya 2, na uzi wa kwanza ukiwa wazi.

Ukishaona hivyo, uzi wa pili unajitaja wenyewe. Ni mi kwenye A na ni mi kwenye G, kodi mbili ambazo nyimbo zetu nyingi za kanisani haziishi siku mbili bila kuzitembelea. Ukiuteremsha senti 4, kodi zote mbili zinalainika. Kwenye D na C uzi huohuo unabeba do, na do haipendi kuteremshwa. Ila kwenye C unabanwa freti ya 1, na ukweli ni kwamba kwenye magitaa mengi ya bei zetu freti ya 1 hupanda juu kuliko inavyotakiwa kwa sababu ya kule kubana kwenyewe. Kwa hiyo senti 4 ulizozitoa zinarudishwa na kidole. Kwenye D, freti ya 3, kweli unapoteza kidogo. Nimeshasikiliza mara nyingi, naweza kuishi nayo.

Uzi wa tatu ni mkorofi. Ndio wenye mi ya E, na ukiusikiliza huo tu utataka kuushusha hata senti 10. Lakini ukiwa wazi ndio do ya G na so ya C. Na kwenye E maina, kodi yenye mi iliyoshushwa freti moja, uzi huo ukiwa wazi unabeba ile mi ndogo, ambayo mahesabu yake ni kinyume: mi ndogo iliyotulia iko senti 316, na freti inatupa 300. Yaani E maina inataka uzi wa tatu upande, E meja inataka ushuke. Uzi mmoja, mabwana wawili.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa la gitaa halifutiki, linahamishwa tu. Ni kama kamati ya harusi. Bajeti ikipelea laki tano, hazipatikani kwa kununa kikaoni, unazigawa kwa wale wanaoweza kuzibeba bila kuanguka. Ukizirundika zote kwa mjomba mmoja, siku ya shughuli haji.

Mimi nilimrundikia mjomba. Wiki mbili baada ya studio, nikiwa nimejaa ujuzi mpya, nilikwenda harusini Mbezi na gitaa nililolishusha uzi wa tatu senti 10 nzima kwa ajili ya wimbo wa kuingia maharusi, uliokuwa kwenye E. Uliingia mtamu ajabu. Kisha MC akaruka ratiba, kama kawaida yao, akaita wimbo wa G bila nafasi ya kutyuni. Nikapiga G ya wazi, mpiga kinanda akapiga G yake, na kati yetu ukaingia mtikisiko wa mara moja na kidogo kila sekunde, mzito, kama boda inayokataa kuwaka. Mpiga kinanda akanikodolea macho. Nilimaliza wimbo ule nikikwepa uzi wa tatu kama mwiba.

Tangu siku hiyo nina mpaka wangu: nikienda kupiga nyimbo nyingi za funguo mbalimbali, hakuna uzi unaoteremka zaidi ya senti 5. Sababu si ushirikina. Uzi wa tatu ukiwa chini ya kinanda kwa senti 4, mtikisiko kati yao ni mmoja kwa kila sekunde mbili hivi, na sauti ya gitaa kavu inakuwa imeshaanza kufa kabla sikio halijaunasa. Ukifika senti 10, unanaswa mara moja.

Kwa hiyo kwenye gitaa langu kavu, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba, nilianza hivi: wa sita chini senti 5, wa tano chini 3, wa nne chini 2, wa tatu chini 4, wa pili chini 4, wa kwanza sifuri. Uzi wa kwanza siugusi. Ndio unaobeba melodia, na melodia isiyolingana na mwimbaji haina wa kuitetea.

Utaniuliza, nyuzi nene zina kosa gani mpaka zishushwe, wakati mi nyingi haziko huko? Sababu ni nyingine kabisa, iko mkononi. Uzi mnene ukiupiga kwa nguvu, sauti yake inaanza juu kisha inateremka kutulia. Tyuna inasoma ile iliyotulia, kwa sababu wewe ukityuni unapiga uzi kwa upole na kusubiri. Ukianza wimbo unapiga kwa dole gumba kama unatwanga, na msikilizaji anasikia mwanzo wa kila noti, ule uliopanda. Mimi nina dole gumba zito, ndiyo maana nashusha 5. Mtu mwenye mkono mwepesi pengine zinamtosha 2. Vyovyote iwavyo, tyuni kwa nguvu ileile unayopigia, na soma sindano mara tu baada ya kupiga, usiisubiri ilale.

Mwanamuziki wa Marekani James Taylor ndiye aliyeyaweka haya hadharani kwa namna iliyowafikia wengi, kwenye mafunzo yake ya video. Yeye hutyuni wa sita chini senti 12, wa tano 10, wa nne 8, wa tatu 4, wa pili 6, wa kwanza 3. Zitazame namba hizo vizuri: ni ngazi inayopanda kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, isipokuwa uzi wa pili umeruka mstari na kuwa chini ya wa tatu. Ni ule uzi wa mi ya G na A. Na gitaa lake zima liko chini kidogo kwa sababu hupenda kutumia kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, na kapo ikibana inapandisha nyuzi zote, zile nene zaidi.

Nami nilinakili namba hizo zilivyo, nikazipeleka kanisani bila kapo. Mpiga besi wetu aliniuliza kwa sauti ya chini kama jana yake nililala. Senti 12 chini kwenye uzi wa sita, pembeni ya gitaa la besi lililotyuniwa sawasawa, hazina maficho. Namba za mtu ni za gitaa lake, nyuzi zake, mkono wake, na mara nyingi ni za mtu anayeimba akiwa peke yake na gitaa. Ukipiga peke yako una uhuru mkubwa: hakuna wa kulinganishwa naye ila wewe mwenyewe. Kinanda kikiingia, uhuru unapungua nusu.

Kabla hujahamisha senti hata moja, lakini, hakikisha gitaa si bovu. Hili nalisema kwa uchungu, maana miezi kadhaa nilikuwa naliteremsha gitaa kufidia kosa la fundi aliyelichonga. Ubovu ulikuwa kwenye nati, kile kipande cheupe cha mfupa au plastiki shingoni ambamo nyuzi zinapita kabla ya kufika kwenye vigingi. Mifereji yake ikiwa haikuchimbwa vya kutosha, nyuzi zinakaa juu mno, na kidole kikibana freti ya 1 au ya 2 kinauvuta uzi mbali mpaka ufike chini. Kuvuta ni kukaza, na uzi ukikazwa hupanda. Kodi zote za wazi, zile zile tunazozihangaikia hapa, zinapigwa kwenye freti tatu za mwanzo, kwa hiyo ubovu wa nati unazipata zote.

Kipimo chake hakina gharama. Bana uzi kwenye freti ya 3, kisha chungulia juu ya freti ya 1. Pawe na upenyo, lakini mwembamba kama karatasi. Ukiona upenyo ambao kadi ya simu inapita, mpelekee fundi ashushe mifereji. Mimi nilimpelekea fundi mmoja Kariakoo, mzee mwenye tupa ndogo kama za kinyozi wa kucha, akachonga nusu saa huku akinisimulia habari za bendi za zamani, na C yangu ikapona nusu ya maradhi yake kabla ya senti yoyote.

Kisha angalia daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa. Piga hamoniki (unaugusa uzi tu bila kuubana) kwenye freti ya 12, kisha bana freti hiyohiyo upige noti yenyewe. Zinatakiwa zilingane. Ikiwa noti iliyobanwa iko juu, uzi unahitaji kurefushwa kule darajani. Gitaa la umeme lina skrubu zake, dakika kumi tu. Gitaa kavu ni kazi ya kusugua mfupa, muachie mwenye mkono wa kazi hiyo. Na nyuzi zilizochakaa, zilizoingia kutu ya jasho, hazityuniki hata ukizisomea dua. Zitupe.

Kubana kunakopandisha sauti si ugunduzi wa juzi. Vincenzo Galilei, mpiga vinanda vya nyuzi wa Italia na baba yake Galileo yule wa nyota, mwaka 1581 aliandika kanuni ya kupanga freti: kila freti ichukue sehemu moja ya 18 ya urefu wa uzi uliobaki. Ukipiga hesabu, freti 12 kwa kanuni hiyo zinafika senti 1,187 tu, hazitimizi oktavu. Lakini kidole kinabana, uzi unakazwa, sauti inapanda, na pengo linaanza kuzibika. Siku hizi mafundi wanagawa kwa 17.817, oktavu inatimia kwenye hesabu, na kule kubana wanakufidia darajani. Huwa nafikiria huyo mzee angeichekaje tyuna yangu.

Kuna namna ya kutyuni ambayo wengi wetu tulifundishwa na kaka zetu wa kwaya, na lazima niisemee: hamoniki ya freti ya 5 kwenye uzi wa sita ilingane na hamoniki ya freti ya 7 kwenye uzi wa tano, na kuendelea hivyo kwenda chini. Inapendeza kuitazama, mtu anaonekana fundi kweli. Tatizo ni kwamba hamoniki hizo zinakupa so iliyotulia ya senti 702, si ile ya freti. Ukianzia kwenye A iliyo sawa, uzi wa sita unabaki juu senti 2, wa nne chini 2, wa tatu chini 4. Hapo bado si mbaya, na nadhani ndiyo sababu E zao zilikuwa tamu kuliko za tyuna. Maafa yalikuja kwenye uzi wa pili. Kaka mmoja, ambaye bado namheshimu, alikuwa anautyuni kwa kuusikiliza pamoja na uzi wa tatu mpaka mi itulie kabisa. Yaani anautoa senti nyingine 14 juu ya zile 4 ambazo uzi wa tatu ulishapoteza. Uzi wa pili chini senti 18! Anamaliza kutyuni, anapiga E, anakunja uso, anaanza upya. Tulidhani ni umakini.

Kwa wale wanaopiga solo, ushauri wangu ni mfupi: msijisumbue. Ukishapanda juu ya shingo kwenye sebene, na vidole viwili vinakimbia sambamba, umbali kati ya noti unabadilika kila hatua, mara mi kubwa, mara mi ndogo. Uzi ulioushusha utakusaidia kwenye moja na kukuharibia inayofuata. Tyuni kawaida, ucheze na shinikizo la kidole. Haya ya senti ni ya mpiga rithimu, mwenye kodi za wazi zinazolia kwa muda mrefu, na ya anayepiga gitaa kavu akiimba. Nilijaribu pia ule mtindo wa wenzetu wa Kongo wa mi-composé, wa kuondoa uzi wa nne na kuweka mwembamba unaolia oktavu moja juu. Utamu wake hauna mfano, lakini daraja langu pale lilikuwa limepangwa kwa uzi mnene, na kadiri nilivyopanda freti ndivyo noti zilivyozidi kuwa chini ya zinavyotakiwa. Namba za nyuzi nyingine hazikunisaidia kitu, ilibidi nianze na skrubu.

Kuna mzee mmoja mpiga udi nilikutana naye Unguja, tulikuwa tumealikwa shughuli moja, wao taarabu, sisi kwaya. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akaniambia nimpigie C. Nikapiga. Akapiga ya kwake juu ya yangu, na kidole chake kwenye mi kikasogea nyuma kidogo, upana wa punje ya mchele, mpaka udi wake ukatulia na gitaa langu likabaki linaning'inia juu. Akacheka. "Barabara yako ina matuta, mwanangu. Yangu lami tupu." Udi hauna freti, kidole kinalala popote sikio linapotaka. Mwenzake mpiga kanuni, kile chombo cha taarabu chenye nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, alikuwa pembeni akigeuzageuza vile vijisahani vidogo vya chuma vinavyopandisha na kushusha kila noti kwa kiasi kidogo, wimbo hata haujaanza. Wao hayo ndiyo maisha yao ya kila siku. Sisi tunadhani tumegundua.

Mambo machache ya vifaa. Tyuna ya simu inayowaka kijani tu haikutoshi, kwa sababu nyingine kijani chake ni kipana, kinameza senti zote tunazozungumzia. Tafuta inayoonyesha namba za senti, hata ile ndogo ya kubana kichwani mwa gitaa, mradi sindano yake isome senti moja moja. Kampuni ya Peterson ya Marekani hutengeneza za strobu zenye usahihi wa sehemu moja ya kumi ya senti, na ndani yake imeshaweka mipangilio iliyotiwa utamu tayari, unachagua tu. Nzuri sana, bei nayo si ya kitoto. Kwa kanisani, ya kubana kichwani inatosha.

Na hali ya hewa. Ukityuni nje, Dar ya Januari, kisha ukaingia studio yenye kiyoyozi cha nyuzi joto 18, chuma kinapoa, kinajivuta, gitaa linapanda. Senti zako zote za utamu zimeliwa. Ingia, liache gitaa nje ya begi dakika ishirini, piga stori, ndipo utyuni.

Studio ni mahali pekee ninapovunja ule mpaka wangu wa senti 5. Pale wimbo ni mmoja, ufunguo mmoja, na ukikosea unarudia. Wimbo wa E, nashusha uzi wa tatu mpaka 8. Wimbo wa G, narudisha uzi wa tatu sifuri na kushusha wa pili 7 au 8. Ikiwa kuna kodi moja tu inayokera, prodyuza mvumilivu atakubali urekodi kodi hiyo peke yake kwa tyuni yake, kisha aichomeke mahali pake. Prodyuza asiye mvumilivu usimwambie, shusha kimyakimya.

Ndani ya begi la gitaa langu kuna kipande cha karatasi nimekibandika kwa seloteipu. Kimefutwa na kuandikwa mara nyingi. Mwaka jana kilisema uzi wa sita chini 5, wa tatu chini 4. Sasa kinasema wa sita chini 3, wa tatu chini 4, maana nimehama kutoka nyuzi za namba 11 kwenda namba 12, nene kidogo, zimekaza zaidi na dole gumba haliziyumbishi kama zamani. Chini kabisa, kwa mwandiko wa yule kijana wa Sinza, ambaye siku hizi tunarekodi naye kila kitu, pameandikwa: "Kaka, B bado."

Ameandika wiki iliyopita. Sijajua bado kama ni nati imeanza kulika au ni yeye.